Jinsi jiji kama Arusha linavyoweza kujenga faiba yake kwa hela ya hatifungani, hatua kwa hatua

Kila bando likipanda bei utasikia mtu Arusha anasema si jiji lijenge faiba yake tu, mbona stendi ni ya jiji, soko la Kilombero ni la jiji, iweje intaneti tuwaachie wengine. Wazo sio baya na kuna miji duniani imefanya na inakula matunda mpaka leo, ila kipande ambacho wengi wanakiruka ni hela inatoka wapi, na jibu linalotajwa sana siku hizi ni hatifungani, yaani jiji linakopa kwa wananchi na taasisi, linalipa riba kila baada ya miezi sita, muda ukiisha linarudisha mtaji wa watu.

Huu mwongozo ni kwa diwani, afisa mipango, mtu wa fedha pale halmashauri, au hata we mdau wa kawaida unayetaka ukikaa kwenye mkutano ujue cha kuuliza. Mifano nimeweka ya Arusha ila Moshi inaingia humo humo, tofauti ni ukubwa, Arusha sensa ya 2022 ilivuka watu laki 6 na Moshi Manispaa ni laki 2 na kidogo, kwa hiyo watu wa Moshi punguzeni namba kwenye hesabu zangu, hatua hazibadiliki.

Msimamo wangu niuweke mezani mapema: anza na nani atalipa ankara, ramani ya faiba ije baadaye. Nitaurudia huu wimbo mpaka mchoke.

Hatua ya 1: amua deni linabebwa na nani

Hatifungani za miji ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza inabebwa na mapato yote ya halmashauri, ushuru wa soko, leseni, kodi ya huduma, stendi, kila kitu, mradi ukifeli mwananchi ndo analipa. Ya pili inabebwa na mapato ya mradi wenyewe tu, faiba isipoingiza hela aliyenunua hatifungani ndo anaumia, na kwa sababu hiyo atakukagua mpaka kwenye kucha kabla hajatoa shilingi.

Kwa faiba mimi ningechagua ya pili, au ya pili yenye kisaidizi kidogo cha mapato ya halmashauri chenye kikomo kilichoandikwa. Sababu ni kwamba mapato ya ndani ya halmashauri zetu yana wenyewe tayari, asilimia 10 ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mujibu wa sheria, kuna sehemu lazima iende miradi ya maendeleo, kuna posho za madiwani, kuna madarasa na vyoo vya shule, ukiongeza na deni la faiba juu yake siku mambo yakienda kombo anayekosa ni zahanati.

Mfano wa karibu kabisa wa aina hii ya pili ni Tanga. Mamlaka ya maji ya pale, Tanga UWASA, mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani, yaani ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka inayolipwa mara mbili, na watu walinunua wakavuka lengo kidogo, sasa iko DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, inauzwa na kununuliwa. Lakini angalieni kitu kimoja kabla hamjashangilia. Maji ya Tanga yalikuwa na wateja, mita na historia ya makusanyo ya miaka mingi kabla ya hatifungani. Faiba ya jiji inaanza na mteja sifuri. Ndo maana hatua ya 3 huko chini ni ndefu.

Na ukitaka kuona aina ya kwanza ikigeuka mzigo angalia Provo kule Utah, Marekani. Walikopa dola milioni 39.5 mwaka 2004 wakajenga mtandao wa jiji ukaitwa iProvo, haukutosheleza deni, mwaka 2013 wakauza kwa Google Fiber kwa dola 1, ndio, dola moja, na wakazi wakaendelea kukatwa dola 5.35 kila mwezi kwenye bili zao za huduma za jiji kulipia deni la mtandao ambao sio wao tena.

Hatua ya 2: amua jiji litamiliki nini na litaacha nini

Hapa ndo ubishi mwingi upo. Jiji linaweza kufanya yote, kuchimba, kuwasha, kuuza kwa mteja mmoja mmoja, kupokea simu saa nne usiku mama wa Sombetini analalamika wifi imekata. Au linaweza kuishia kwenye faiba yenyewe na kuwakodishia kampuni zinazouza intaneti. Stockholm walichagua hii ya pili tangu 1994, kampuni ya jiji inaitwa Stokab, inamiliki nyaya tu bila kuziwasha, yaani haiweki vifaa vya kupitisha intaneti, na inamkodishia yeyote kwa bei ile ile, anayeshindana na mwenzake ashindane juu ya waya huo huo. Yaani jiji linajenga stendi, mabasi ni ya watu.

Burlington, jimbo la Vermont, jiji liliuza lenyewe hadi nyumbani, intaneti, simu na televisheni. Hesabu zikagoma, jiji likachota takriban dola milioni 17 kwenye kapu la fedha zake za kawaida kuubeba mtandao, Citibank waliokuwa wamewakopesha dola milioni 33.5 wakafungua kesi mwaka 2011, na sifa ya jiji ya kukopesheka ikashushwa mpaka ukingoni kabisa. Kesi ilikuja kumalizwa kwa jiji kulipa dola milioni 10.5 mwaka 2014, ila miaka yote hiyo jiji likitaka kukopa kwa kitu kingine chochote linakopa kwa bei mbaya.

Kiukweli kwa Arusha sioni sababu ya jiji kuwa na duka la kuuza bando. Kampuni za kuuza tayari zipo, wenye ujuzi wa huduma kwa wateja wapo, kinachokosekana ni waya unaofika mitaani bila kila kampuni kuchimba barabara yake. Nimeona barabara moja ikichimbwa na kufukiwa halafu ikachimbwa tena upande ule ule na kampuni nyingine, na lami haikurudi ilivyokuwa. Jiji limiliki mabomba ya kupitishia faiba, faiba yenyewe, na makabati ya kugawia mpaka kwenye nguzo, waya wa kutoka nguzo kwenda ndani na ruta alipe kampuni inayomuuzia mteja.

Kuna mtu atauliza mbona Chattanooga wameuza wenyewe na wamefanikiwa. Sawa, lakini wale ni shirika la umeme la mji, EPB. Walikopa kama dola milioni 220 kwa hatifungani mwaka 2008, serikali kuu yao ikawapa ruzuku ya dola milioni 111.5, na faiba ile ile ilikuwa inaendesha mita na swichi za umeme, kwa hiyo umeme ulilipa sehemu ya gharama hata kabla mteja wa intaneti hajajiunga. Sisi umeme ni wa TANESCO. Ukitaka kuiga, tafuta kazi ya pili ya faiba yenu, mita za maji, kamera za barabarani, vituo vya afya, mashine za makusanyo, halafu hizo taasisi zisaini mkataba wa kulipa. Sio zipewe bure eti zote ni za serikali.

Hatua ya 3: tafuta wateja kabla ya mkopo

Tengeneza orodha ya watakaolipa hata kama hakuna hata nyumba moja itakayojiunga. Kwa Arusha orodha yenyewe sio ngumu. Kuna kampuni za simu na za minara, kila mnara unahitaji faiba na wengi bado wanarusha kwa mawimbi. Kuna mahoteli na kampuni za utalii. Kuna kituo cha mikutano cha AICC na ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna mahakama, mabenki, vyuo, hospitali, shule binafsi za Njiro na Moshono. Moshi una hospitali ya KCMC, vyuo, na mahoteli ya wapanda mlima.

Usiwaulize "mngependa faiba?", kila mtu atasema ndio. Nenda na karatasi ya kusaini yenye bei, muda wa miaka, na kipengele cha fidia mtandao ukikatika. Mazungumzo yenyewe yatakuwa hivi, mwenye hoteli atakuambia "kaka kulipa nalipa, ila ikikata saa mbili usiku wageni wananigeukia mimi, nani atakuja?" na kama afisa wako hana jibu la nani atakuja, usiku ule, na gari gani, hajapata mteja, kapata ahadi. Tenganisheni kwenye jedwali waliosaini na walioahidi, na kwenye hesabu za benki waingie waliosaini peke yao.

Na wananchi washirikisheni mapema pia. Lafayette kule Louisiana kabla ya kukopa walipiga kura ya mji mzima Julai 2005, asilimia 62 wakasema ndio, kampuni za simu na kebo zikawapeleka mahakamani wakapoteza karibu miaka miwili, lakini ile kura ndo iliwapa mgongo wa kusimama mpaka wakauza hatifungani yao ya kama dola milioni 110 mwaka 2007. Sisi hatuna utaratibu wa kura kama huo kwa mikopo, ila mikutano ya mitaa ipo, itumieni.

Hatua ya 4: kaa na eksel, na usidanganye namba

Hii hatua ndo roho ya kila kitu kwa hiyo twende taratibu. Namba zifuatazo ni za mfano tu nimeziweka mimi ili uone zinavyocheza, zako utazitoa kwa mhandisi na mshauri wa fedha.

Tuseme jiji linataka hatifungani ya bilioni 10, miaka 10, riba asilimia 13.5 kama ya Tanga. Kwanza jua kwamba bilioni 10 haiingii ardhini yote. Mwaka na nusu wa ujenzi hakuna mapato lakini riba inadai, kwa hiyo unatenga bilioni 2.025 ya kulipia riba ya kipindi hicho. Washauri, wanasheria, mawakala, matangazo, weka milioni 300. Akaunti ya akiba ya deni inayotosha malipo ya nusu mwaka, milioni 675. Imebaki bilioni 7. Diwani akisimama kwenye mkutano akasema "tumepata bilioni 10 za faiba" msahihisheni palepale, maana mwaka unaofuata ataulizwa tatu zilienda wapi.

Upande wa kulipa. Riba ni bilioni 1.35 kila mwaka. Mtaji unarudi wote mwaka wa 10, na usiposubiri tu muujiza, kuanzia mwaka wa nne unaweka pembeni bilioni 1.43 kila mwaka kwa miaka saba. Jumla bilioni 2.78. Wawekezaji hawataridhika na kubanana hivyo, watataka faida baada ya gharama za uendeshaji iwe walau mara 1.3 ya malipo ya deni ya mwaka, yaani bilioni 3.61. Ongeza gharama za kuendesha, mafundi, umeme, nguzo za kukodi, magari, tuseme bilioni 1.2. Mapato yanayotakiwa ni bilioni 4.81 kwa mwaka.

Upande wa kuingiza. Minara 120 kwa milioni 1 kwa mwezi ni bilioni 1.44 kwa mwaka. Hoteli, benki, shule na ofisi 250 kwa laki 6 kwa mwezi ni bilioni 1.8. Ofisi za jiji lenyewe, kata, zahanati, 60 kwa laki 4, milioni 288. Mpaka hapo bilioni 3.53. Pengo ni kama bilioni 1.28, linajazwa na nyumba na maduka, jiji linapata elfu 20 kwa mwezi kwa kila laini kutoka kwa kampuni zinazouza, kwa hiyo zinahitajika laini 5,300 hivi. Kama katika nyumba 10 unazozipitia zinajiunga 3, upitie nyumba kama 18,000. Hapo mhandisi ajibu, bilioni 7 inatosha mzunguko mkuu wa mji pamoja na nyumba 18,000 zilizo karibu karibu? Kaloleni, Levolosi, Unga Limited, Sombetini, ambako nyumba zimebanana, pengine ndio. Ukisema uanze na Moshono na Olasiti kwenye viwanja vikubwa, hapana.

Sasa ivunje hiyo hesabu makusudi. Nyumba zikijiunga 2 badala ya 3 katika 10, unapoteza kama milioni 416 kwa mwaka, uwiano unashuka kutoka 1.3 mpaka kama 1.15. Inauma lakini deni linalipika. Haya, sasa nyumba zijiunge zote ulizopanga lakini kampuni za minara ziondoke zijenge faiba yao. Bilioni 3.61 toa 1.44 inabaki 2.17 na malipo ya deni ni 2.78. Umekwama. Umeona? Siasa yote ya mradi itakuwa kuhusu intaneti ya bei nafuu mtaani, lakini anayeweza kuuua mradi ni mikataba ya minara isiyozidi miaka miwili. Kwa hiyo mikataba hiyo iwe mirefu kadiri inavyowezekana, ikikaribia umri wa hatifungani yenyewe, na iwe na adhabu ya kuvunja kabla ya wakati.

Riba nayo ichezee. Ikitoka 13.5 ikawa 15, ni milioni 150 zaidi kila mwaka, laini za nyumbani 600 na ushee zinafanya kazi ya kulipa hiyo tofauti tu.

Na dola msiisahau. Vifaa vinanunuliwa kwa dola, mapato ni shilingi, na tangu kanuni za 2025 kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi kumekatazwa, kwa hiyo ile hadithi ya kuwatoza mahoteli dola ili kujikinga haipo. Weka akiba ya mabadiliko ya shilingi kwenye bajeti ya vifaa na nunua mapema vile vinavyokaa bila kuharibika.

Kama baada ya yote haya eksel inagoma, hatifungani sio ya mradi wenu kwa sasa. Jengeni mabomba matupu kila barabara inapofunguliwa, kodisheni, rudini baada ya miaka michache na historia ya makusanyo.

Hatua ya 5: vibali, na hapa msiwe na haraka ya kisiasa

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inairuhusu halmashauri kukopa lakini kwa kibali cha Waziri. Kwa hiyo njia inaanzia kamati ya fedha, inaenda Baraza la Madiwani, muhtasari uliosainiwa, mkoa, TAMISEMI, na Wizara ya Fedha lazima iwe imeona maana deni la halmashauri linahesabika kwenye picha ya deni la umma. Mkitaka dhamana ya Serikali basi inaingia Sura ya 134 ya mikopo, dhamana na misaada, hiyo ni safari nyingine ndefu. Upande wa soko ni CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, hakuna kuuza kwa umma bila wao kuidhinisha waraka wa matarajio, yaani kitabu kinachomweleza mnunuzi mradi na hatari zake. Upande wa mawasiliano ni TCRA, mtahitaji leseni ya miundombinu chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta, EPOCA, ya 2010, na leseni hizo zina ngazi, msiombe ya taifa kama mnajenga mji mmoja.

Kwenye Baraza mtegemee swali hili, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mradi ukifeli wananchi wangu wa kata watauziwa nini?" Jibu liwe limeandikwa, na liwe fupi: kama ni hatifungani ya mapato ya mradi, soko haliuzwi, stendi haiuzwi, kinachoshikiliwa ni mapato na mali za kampuni ya faiba. Kama jibu linahitaji dakika kumi, bado hamjamaliza hatua ya 1.

Kwa nini nasema msiwe na haraka, muulizeni Dakar. Mwaka 2015 jiji hilo lilikuwa limeandaa hatifungani ya faranga bilioni 20 kujenga soko la wamachinga wao, washauri wapo, dhamana ya nusu kutoka Marekani ipo, siku chache kabla ya kuanza kuuza wizara ya fedha ya Senegali ikaondoa ridhaa yake, mchezo ukaishia hapo. Miaka ya maandalizi imeenda. Kibali cha serikali kuu kipatikane kwa maandishi na mapema, na watu wa Hazina waingizwe kwenye timu tangu eksel ya kwanza ili wasije kukutana na mradi gazetini.

Hatua ya 6: kusuka hatifungani yenyewe

Fungueni kampuni ya jiji yenye vitabu vyake, akaunti yake na bodi ambayo madiwani sio wengi. Najua hapa nitapigwa mawe lakini mwekezaji akiona bodi ni ya kisiasa anaongeza riba moja kwa moja. Mtu wa PSSSF au UTT AMIS anatunza hela za wastaafu na wawekezaji wadogo, hana muda na siasa za kata.

Weka mdhamini wa wenye hatifungani, mara nyingi benki, ambaye kazi yake ni kusimama upande wa waliokopesha. Mapato yote ya faiba yaingie kwanza kwenye akaunti anayoisimamia yeye, na yatoke kwa mpangilio ulioandikwa: gharama za kuendesha, riba, mfuko wa kulipia mtaji, akiba ya deni, ukarabati, na kinachobaki ndo kinaenda jiji. Huo mpangilio ndo ulinzi wenu dhidi ya ile tabia ya kuazima kidogo kidogo ya mwaka wa uchaguzi.

Dhamana ya sehemu inashusha riba. Johannesburg walipouza ya pili mwaka 2004, randi bilioni 1, IFC ya Benki ya Dunia na benki ya maendeleo ya kusini mwa Afrika walidhamini asilimia 40. Kwa fedha za kwetu wapo kina GuarantCo wanaodhamini kwa sarafu ya nchi husika. Dhamana ina ada, kwa hiyo pima kama punguzo la riba linazidi ada, wakati mwingine halizidi.

Na msiuze yote kwa mkupuo. Sajilini mpango mmoja wa kiasi chote mnachotaka kukopa halafu uzeni kwa awamu, ya kwanza katikati ya mji na minara, ya pili mkionyesha makusanyo. Kukopa bilioni 30 siku moja halafu 20 zikalala benki mnalipia riba ni uzembe, samahani kwa lugha.

Hatua ya 7: kuuza

Mshindani wenu mkubwa ni Serikali, maana BoT inauza hatifungani za miaka 2 mpaka 25 na zile mtu analala usingizi. Lazima mtoe juu kidogo ya ile ya muda unaolingana, au mtoe kitu kingine. Habari njema ni kwamba riba ya hatifungani za halmashauri imeondolewa kodi ya zuio, mabadiliko yaliyoanza 2022, kwa hiyo kwenye kodi mko sawa na Serikali, masharti yake muulizeni mshauri wa kodi kabla ya kuyaandika kwenye tangazo.

Kwamba hela ipo, ipo. CRDB walipotoa Samia Infrastructure Bond mwishoni mwa 2024 kwa asilimia 12 walikuwa wanatafuta bilioni 150 wakapata zaidi ya 300. Wanunuzi wenu wakubwa watakuwa mifuko ya hifadhi, mabenki, bima, mifuko ya uwekezaji. Lakini tengeni fungu la watu wa hapa, SACCOS, vikundi, wafanyabiashara wa madini, mangi wa Moshi ambaye atawauliza swali moja tu, "inarudi lini?", na mkimjibu vizuri anakuja na shemeji zake. Kiwango cha chini kiwe kidogo, maelezo yawe kwa Kiswahili, na mkaeleze sokoni na makanisani na misikitini, sio hotelini tu. Mtu mwenye hatifungani ya faiba ya mtaa wake akiona fundi anakata waya atapiga simu yeye mwenyewe.

Hatua ya 8: kuchimba

Nitapita haraka maana wahandisi wana miongozo yao. Barabara nyingi za mji ni za TARURA na zile kuu ni za TANROADS, vibali vyao vianze miezi kabla. Nguzo za TANESCO zinakodishwa, na juu kwa nguzo ni rahisi zaidi ya kuchimba, hasa Arusha ambako ukienda chini kidogo unakutana na mawe ya volkano na mkataba wa mchimbaji unabadilika bei. Mkataba useme wazi nani anabeba hatari ya mawe. Manunuzi yanapita NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi mtandaoni. Intaneti yenyewe ya kuingiza mjini ipo, mkongo wa taifa unapita Arusha hadi Namanga, mjadiliane bei ya jumla. Anzeni na waliosaini, mzunguko wa minara na mahoteli kwanza, kila mwezi mnaowahi kuwasha ni mwezi ambao riba inalipwa na mteja badala ya ile akiba ya bilioni 2.

Hatua ya 9: baada ya kuuza

Kila miezi sita kuponi, yaani riba ya nusu mwaka, inalipwa tarehe ile ile, hata kama mkurugenzi kahamishwa jana. Ripoti kwa DSE na mdhamini zitoke kwa wakati, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, atakuja, kwa hiyo vitabu vya kampuni visichanganywe na vya jiji hata kwa mafuta ya gari. Fuatilieni namba tatu kila mwezi: laini zinazolipa (sio zilizounganishwa tu), saa za kukatika, na siku mteja mkubwa anazochukua kulipa ankara. Taasisi za serikali ndo zitawachelewesha zaidi, kwa hiyo mkataba nao uwe na malipo ya robo mwaka kabla, na madeni yao yasomwe kwenye Baraza kwa majina ya taasisi.

Ule uwiano wa faida kwa malipo ya deni wa hatua ya 4 ukishuka chini ya 1.2, msisubiri ufike 1. Mna faiba nyingi kwenye kila kebo ambazo hazijawashwa, uzeni haki ya kutumia baadhi kwa miaka 15 kwa malipo ya mkupuo kwa kampuni ya simu, hela iende kwenye akiba ya deni, na mwambieni mdhamini kabla hajasoma mwenyewe kwenye ripoti.